Kompyuta ya Kikundi na Mfumo wa Linux: Kuweka Programu na Kutafuta Ugonjwa wa Mashine

Kikundi kimoja upande wa Njoro nusura kivunjike kwa sababu ya betri ndogo isiyozidi sarafu ya shilingi tano.

Wanakikundi hao hukutana Alhamisi moja kila wiki mbili, kuanzia saa nne asubuhi. Walikuwa wamepewa kompyuta ya mezani iliyotumika Ulaya, na kijana wa mwenyekiti akaiwekea Linux Mint. Mama mweka hazina akajifunza vizuri kuandika mikopo na malipo. Tarehe na saa alikuwa haandiki mwenyewe, alibonyeza vitufe tu na mashine ikajaza. Baada ya mikutano sita akaibeba orodha kwa flashi, ikachapishwa mjini, ikasomwa mbele ya watu. Kumbe malipo yote yalikuwa na tarehe moja! Tena mengine yalionyesha yamelipwa saa tatu usiku. Sasa nani hulipa mkopo saa tatu usiku? Mzee mmoja akasimama akasema wazi kwamba orodha hiyo ilipikwa nyumbani siku moja. Mama akalia. Hata kabla ya hapo fundi mmoja wa mjini alikuwa amewaambia madabodi imekufa na watoe shilingi elfu tisa.

Nilipoitwa sikujua shida ni nini. Tutaona mwisho wa makala jinsi ilivyopatikana. Kwanza tuelewane kuhusu mfumo wenyewe, kwa maana vikundi vingi kutoka Molo mpaka Subukia sasa vina kompyuta, na wengi wanauliza kama Linux inawafaa.

Linux ni kitu gani?

Kompyuta bila mfumo wa uendeshaji ni kama trekta bila dereva. Wengi wetu tunajua Windows. Mwenye Windows ni kampuni ya Microsoft, na ukitaka kuiweka kwa mashine kumi unalipia kumi. Linux ni mfumo mwingine. Kiini chake kilianzwa mwaka 1991 na kijana mwanafunzi wa Helsinki, Finland, jina lake Linus Torvalds. Maandishi ya ndani ya programu hiyo yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuwapa wengine. Ni kama mbegu ya mahindi ya kienyeji, ambayo jirani akikupa unapanda, unavuna na wewe unagawa, bila kumwomba mtu ruhusa.

Watu na makampuni mbalimbali huichukua Linux na kuifunga pamoja na programu nyingine ili iwe rahisi kutumia. Ubuntu ni mojawapo. Ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ikigharimiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni la Kizulu na Kixhosa, ndugu kabisa wa neno letu utu. Miaka ile ya kwanza walikuwa wakituma sidii za bure kwa posta hadi huku kwetu, mpaka walipoacha mwaka 2011. Linux Mint nayo imejengwa juu ya Ubuntu. Mwaka huo huo wa 2004, wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao.

Kwa nini tunazungumza habari hii sasa? Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 bila malipo kama ilivyokuwa ikifanya. Windows 11 nayo inakataa mashine nyingi za zamani, na hizo za zamani ndizo tunazopewa vijijini. Mashine nzima inaonekana haina kazi, kumbe bado inaweza kuandika hesabu za kikundi miaka mingi ikiwekewa Linux.

Lakini sisemi Linux inaweza kila kitu. Fomu za Excel zenye makro ndani mara nyingi hazifanyi kazi sawasawa katika LibreOffice. Programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows pekee pia inaweza kukataa. Kama kikundi chenu kinategemea programu ya namna hiyo, ulizeni kwanza kabla ya kufuta chochote.

Kabla ya kuweka

Angalia mashine ina kumbukumbu ya RAM kiasi gani. Ikiwa ni gigabaiti 4 au zaidi, Linux Mint itakwenda. Ikiwa ni 2, chukua ile nyepesi, kama Mint yenye Xfce au Lubuntu, wala usifungue mambo mengi pamoja. Diski iwe na nafasi ya gigabaiti 25 hivi. Mashine za zamani sana, zile za biti 32, zimebaki bila msaada mkubwa. Hata Debian, ambayo ilizibeba kwa miaka mingi, iliacha kuwatolea mfumo wa kuweka ilipofika toleo la 13 mwezi wa Agosti 2025. Ukipewa mashine kama hiyo, shukuru, lakini usiitegemee.

Jambo la pili, na hapa naomba usiharakishe: nakili kila kitu kwa flashi au diski nyingine. Orodha za wanachama, picha, barua, katiba ya kikundi. Halafu fungua hiyo nakala kwa mashine nyingine uone kama inasomeka. Mara mbili nimeona watu wakinakili folda tupu.

Faili la Linux Mint Xfce ni karibu gigabaiti 3, na la Ubuntu ya kawaida ni karibu mara mbili ya hiyo. Kwa bando za simu hilo ni pesa. Ni heri mtu mmoja alipakue mjini au chuoni penye intaneti nzuri, kisha flashi hiyo moja izunguke vikundi vyote. Si wizi, sheria ya programu hizi inaruhusu. Faili hilo haliwekwi kwa flashi kwa kunakili tu kama wimbo. Tumia programu kama balenaEtcher au Rufus, na flashi ya gigabaiti 8 iliyo tupu, kwa sababu kila kilichomo kitafutika.

Jaribu kwanza bila kuweka

Chomeka flashi, washa mashine, na hapo hapo ubonyeze kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP nyingi ni F9. Linux itafunguka kutoka kwa flashi bila kugusa diski yako. Hapa ndipo wengi hukosea: wanakimbilia kubonyeza kitufe cha kuweka. Kaa hapo nusu saa. Waifai inaonekana? Sauti inatoka? Printa inakubali? Kibodi inaandika herufi zote? Ikiwa kila kitu kinaitika kwa flashi, kitaitika pia ukishaweka. Ikiwa waifai haionekani, umejua mapema, na Windows yako bado ipo.

Ukiridhika, bonyeza alama ya kuweka na ufuate maswali. Saa uchague ya Nairobi. Utaulizwa kama unataka kufuta diski yote au kuweka Linux kando ya Windows. Ukichagua kufuta, kila kitu kitaenda na hakuna fundi wa kukurudishia kwa urahisi. Kama huna hakika na nakala yako, simama hapo, uzime, urudi kesho.

Neno la siri la mashine lisijulikane na mtu mmoja tu. Vikundi vyenye sanduku la kufuli tatu wanajua sababu. Andikeni neno hilo kwa karatasi, mlifunge kwa bahasha, mlitie sandukuni.

Kuweka programu: enda kwa ghala, usiokote njiani

Kwa Windows tumezoea kutafuta programu kwenye mitandao, na pamoja nayo tunaleta virusi nyumbani. Linux ina ghala lake. Programu zimekaguliwa, zikatiwa muhuri, na mashine yako huangalia huo muhuri kabla ya kukubali. Fungua "Software Manager" kwa Mint au "App Center" kwa Ubuntu, andika jina, bonyeza. LibreOffice ya kuandika barua na hesabu kwa kawaida imo tayari. GnuCash inafaa kwa mweka hazina anayetaka hesabu kamili, ingawa kwa kikundi cha watu ishirini mimi naona karatasi ya hesabu ya LibreOffice inatosha.

Njia nyingine ni dirisha la amri. Usiliogope, ni kama kumtuma mtoto dukani kwa maneno mafupi:

sudo apt update
sudo apt install gnucash

Mstari wa kwanza haubadilishi programu yoyote. Unaleta tu orodha mpya ya vilivyomo ghalani. Wa pili ndio unaoleta programu, pamoja na vitu vyote ambavyo inavitegemea. Ukitaka kufanya upya programu zote ulizonazo, amri ni sudo apt upgrade. Utaulizwa neno la siri, na usishtuke usipoona herufi zikitokea unapoandika. Andika tu na ubonyeze Enter.

Mashine ikikujibu maneno yenye "Could not get lock", maana yake kuna programu nyingine inatumia ghala wakati huo, mara nyingi ni mfumo wenyewe unajifanya upya. Ngoja dakika kumi. Kuna watu wanafundisha ati ufute hilo faili la kufuli. Usifuate, unaweza kuharibu rejista nzima ya programu.

Sasa lile ambalo sisi wa huku tunalijua sana: stima ikipotea katikati ya kuweka programu. Laptopu ina betri yake, haitajali. Ya mezani itazimika na kazi ibaki nusu. Ukiwasha tena, andika:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza inamalizia zilizoachwa njiani, ya pili inaleta zilizokosekana. Mara nyingi hiyo inatosha. Na wakati wa mvua ya radi ya alasiri, chomoa waya ukutani, usianze kazi yoyote ya namna hii.

Kikundi kisicho na intaneti kinaweza kuletewa programu kwa flashi. Kwa mashine yenye intaneti andika:

sudo apt-get install --download-only gnucash

Faili zitakaa katika /var/cache/apt/archives. Angalia kwamba nimeandika apt-get. Ile fupi ya apt ikishaweka programu hufuta faili ilizopakua. Nakili zile zenye mwisho wa .deb, uzipeleke kwa mashine ya pili, ufungue dirisha la amri ndani ya folda hiyo na uandike sudo apt install ./*.deb. Mashine zote mbili ziwe na toleo moja la Linux, na zisiwe zimepishana sana, la sivyo utaambiwa kuna kitu kinakosekana.

Mashine yenyewe ikiugua

Waifai ndiyo malalamiko ya kwanza. Andika rfkill list. Ukiona "Hard blocked: yes", kuna swichi au kitufe kando ya laptopu kimezimwa, wengi wamelipa fundi kwa kitufe hicho. Kama sicho, andika lspci usome jina la kifaa. Vifaa vya Broadcom mara nyingi huhitaji draiva ambayo haikuja na mfumo. Utaipata katika "Driver Manager" kwa Mint au "Additional Drivers" kwa Ubuntu. Lakini utaipakuaje na waifai hakuna? Chukua simu, iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa chaji, kisha katika mipangilio ya simu uwashe kugawa intaneti kwa USB. Linux huitambua simu mara moja karibu kila wakati.

Printa za HP nyingi zinafanya kazi kwa kuweka programu ya hplip. Nyingine, hasa za bei ya chini sana, hazina draiva ya Linux. Kabla ya kununua beba laptopu dukani ujaribu. Mwenye duka akikataa, nenda duka lingine.

Mashine ikiwa nzito, usiseme Linux ni mbaya kabla ya kuangalia. Amri ya df -h inaonyesha diski imejaa kiasi gani, na free -h inaonyesha RAM. Diski ya kuzunguka ikibadilishwa kwa ya SSD, hata mashine ya miaka kumi hupata nguvu mpya, na kwangu mimi hiyo ndiyo pesa ya kwanza ambayo kikundi kingetoa. Diski ikianza kupiga tik tik, au faili zikikataa kufunguka, acha kila kitu unakili kwanza. Kisha fungua programu ya "Disks" uone afya yake. Usijaribu kuweka mfumo upya juu ya diski inayokufa.

Ikilia pi-pi-pi na skrini ikabaki nyeusi, mara nyingi ni RAM imelegea. Zima, chomoa, toa kile kibao chembamba, sugua meno yake ya dhahabu polepole kwa raba ya penseli, urudishe mpaka kilie tak.

Halafu vumbi. Wazee husema jina Nakuru lenyewe lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na mwezi wa kwanza na wa pili hakuna haja ya kubishana nao. Vumbi likiziba feni, mashine inapata joto na kujizima yenyewe. Fungua upande mmoja, shika feni kwa kidole isizunguke, fagia kwa brashi laini ya rangi ambayo haijaguswa na rangi. Fanya hivyo nje ya nyumba, la sivyo litarudi ndani jioni hiyo hiyo. Kabla ya kugusa chochote ndani, mashine iwe imechomolewa na mkono wako uguse chuma cha kasha.

Ile betri ya Njoro

Nilipowasha mashine ya kile kikundi, ilisimama kwenye skrini nyeusi ikitaka nibonyeze F1. Wao walikuwa wameshazoea, wanabonyeza na kuendelea. Hapo ndipo fundi alisema madabodi. Nikafungua dirisha la amri nikaandika:

timedatectl

Hii huonyesha saa mbili muhimu. "Local time" ni saa ambayo mfumo unaifuata. "RTC time" ni saa ya ndani ya mashine yenyewe, ambayo kwa kawaida huwa nyuma ya saa ya Nairobi kwa masaa matatu, na hilo si kosa. Lakini hapa ilikuwa nyuma kwa miaka mingi.

Saa ya ndani huendeshwa na betri ndogo ya duara, namba yake CR2032, stima inapokuwa imechomolewa. Betri ikifa, saa hurudi mwanzo. Windows ya zamani ingeonyesha mwaka wa ajabu na kila mtu angegundua. Lakini Linux Mint waliyokuwa nayo huandika saa kwa diski kila dakika. Ikiwaka na kuona saa ya ndani imerudi nyuma sana, inaendelea kutoka pale ilipoachia. Mashine yenye intaneti ingejisahihisha kutoka mtandaoni. Yao haikuunganishwa hata siku moja, kuokoa bando.

Basi piga hesabu. Mikutano sita, masaa mawili kila mmoja, ni masaa kumi na mawili. Kwa mashine, mkutano wa kwanza ulianza saa nne asubuhi ya Alhamisi, na wa sita ukaisha saa nne usiku wa Alhamisi ile ile. Wiki mbili za kuzimwa kati ya mkutano na mkutano hazikuhesabiwa kabisa.

Betri mpya haikufika shilingi 200. Tulichomoa waya, tukaitoa ya zamani kwa kusukuma kile chuma kidogo cha pembeni, tukaweka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu, tukaingia kwenye BIOS tukaandika tarehe na saa. Tukachomoa waya tena tukanywa chai. Tulipowasha, saa ilikuwa sawa na ya simu zetu, na ile F1 haikuonekana.

Mama alikuwa bado anaweka daftari la mkono, lenye sahihi ya kila aliyelipa. Yule mzee aliyesimama mkutanoni ndiye aliyelisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, huku mama akirekebisha tarehe kwenye kompyuta. Kiasi cha pesa hakikutofautiana hata shilingi moja. Ilichukua alasiri nzima. Siku hizi tarehe huandika mwenyewe kwa vidole vyake, na kabla ya kufungua mkutano katibu huangalia saa ya kompyuta na ya simu, akaandika zote mbili juu ya ukurasa.